Hakuna Tishio Lililopatikana

Mimi nina ugonjwa mmoja, na sioni haya kuusema: siwezi kumvumilia mtu anayeniambia kwamba antivirus zote ni sawa. Mwalimu Waweru, mteja wangu wa miaka mingi, aliwahi kunitamkia hayo mbele ya foleni ya watu waliokuwa wakingoja kuchapisha. Nilimshika mkono nikampeleka hadi ukutani. Pale juu ya printa nilikuwa nimebandika jedwali, na nilikuwa nikilibadilisha kila matokeo mapya yalipotoka. Kuna maabara huko ng'ambo ambazo hazimilikiwi na hao wanaouza. Kazi yao ni kuchukua programu hizi moja moja na kuzirushia virusi halisi vya wiki hiyo, kisha wanahesabu vilivyokamatwa na vilivyopita. Wanapima kama kompyuta imekuwa nzito. Wanahesabu hata mara ambazo programu imepiga kelele za bure kwa faili isiyo na hatia.

"Hii imeshika tisini na tisa nukta tisa," nilimwambia Mwalimu. "Yako wewe, ile ya bure, imeshika themanini na saba. Ukipewa watoto mia uwavushe barabara, upoteze kumi na watatu, utakuja kuniambia walimu wote ni sawa?"

Watu walicheka hadi ngazini. Mwalimu akanunua, na mimi nikavimba kichwa siku nzima.

Jina langu ni Amida, lakini Thika nzima inaniita Mama Ikhlas. Nilizaliwa Majengo, na duka langu liko orofa ya kwanza, juu ya duka la mbegu. Nauza simu, natengeneza simu, nachapisha, najazia watu fomu za serikali mtandaoni, na hizo antivirus. Mwaka huu ulipoanza nilikuwa na msaidizi anayeitwa Nekoye, ambaye alikuwa amekaa nami karibu miaka miwili. Kwao ni Kitale, ameolewa Mwiki kule Ruiru, na ana mtoto mmoja wa miaka mitatu, Maxine. Alikuwa na mikono myepesi na mdomo mzito. Ungeweza kufanya kazi naye wiki nzima usijue kama amelala vizuri.

Asubuhi moja mwezi wa pili, kabla wateja hawajaanza kuingia, Nekoye alitia simu yake ndani ya droo ya karatasi, akaifunga, akanivuta mpaka kwenye ngazi.

"Mama Ikhlas, kwa hiyo table yako ya ukuta, ni gani inashika zile app za kupeleleza mtu?"

"Nani anakupeleleza?"

Alitazama chini kwenye barabara kabla ya kujibu. "Ronny."

Ronny ni mumewe. Anafanya kazi kwenye hardware moja Ruiru, duka la vifaa vya ujenzi, upande wa stoo. Nilikuwa nimemwona mara chache akija kumchukua mkewe jioni: shati safi, sauti ya chini, mtu wa kukuuliza habari ya watoto kabla hajasema shida yake. Kama ungeniuliza siku moja kabla, ningekuambia huyo ndiye mume ambaye wanawake wanaombewa kanisani na msikitini wampate.

Nekoye akanieleza akiwa amesimama pale pale, haraka haraka, kama mtu anayesoma orodha. Alipitia kliniki ya uzazi wa mpango akitoka kazini. Walipokaa kula, Ronny akamuuliza kama foleni ilikuwa ndefu. Alitafuta kwenye simu magari ya kwenda Kitale. Ronny akamuuliza nani anasafiri. Mwezi wa kwanza alipiga picha barua ya kazi aliyotafutiwa na rafiki ya dada yake, barua ambayo hata hakuwa amemwonyesha mtu. Kesho yake Ronny alitoka asubuhi akafunga mlango kwa kufuli ya nje. Nekoye na Maxine walikaa ndani siku mbili.

"Ile malaria?" nikamuuliza. Maana mimi niliambiwa kwa ujumbe kwamba ana malaria, nikamjibu apumzike anywe maji.

"Ni yeye aliandika."

Nikakaa kwenye ngazi.

"Amesema mwisho wa mwezi niache kazi," Nekoye akaendelea. "Nikae nyumba. Mama Ikhlas, nikiacha kazi sitoki tena, najua. Lazima niende kabla. Mimi na Maxine. Lakini kila kitu nikifanya anajua. Nikipanga hata kwa kichwa tu, naona ni kama anajua."

Sasa ndipo ugonjwa wangu ulipopanda. Mtu mwenye akili angemwambia, acha hiyo simu utoke. Mimi nilisema, "Ngoja. Hii ni kazi yangu."

Nilikesha na majedwali kama mwanafunzi wa mtihani. Nikapata kwamba kuna maabara zinazopima hasa programu za kupeleleza simu, zile ambazo mtu anaweka kwenye simu ya mkewe au mumewe zikajificha. Kuna antivirus zilizoshika karibu zote, na nyingine zilizoacha nusu zikapita. Nikachagua tatu za juu kabisa. Niliziandika kwenye karatasi kwa mpangilio wa alama, na nakiri nilijisikia vizuri nikifanya hivyo. Niliona kama nimeshamwokoa.

Tulianza Jumatatu, saa ya chakula, na ile ya nafasi ya pili, maana ndiyo niliyokuwa nayo dukani. Ikazunguka, ikazunguka, kisha skrini ikawa ya kijani. Kwa Kizungu chao iliandika kwamba hakuna tishio lililopatikana.

"Haijaona," Nekoye akasema.

"Basi hakuna. Hii ni ya pili duniani kwa alama."

Jumanne alikuja akiwa na macho mekundu. Ronny alikuwa amemuuliza, tena kwa upole, huku akimkatia Maxine nyama: "Siku hizi unaweka antivirus kwa simu? Unaogopa nini?"

Mngeniona mimi. Nilikasirika kana kwamba nimetukanwa mimi mwenyewe. Nikaitoa ile ya pili duniani nikaweka ya kwanza duniani. Kijani. Hakuna tishio. Jioni hiyo Ronny akamuuliza mbona amebadilisha, ile ya jana ilikuwa na ubaya gani. Jumatano nikaweka ya tatu. Kijani tena. Safari hii Ronny hakuuliza kitu. Alimwambia tu kwamba ameongea na mama yake yeye Ronny, na mama mkwe huyo atakuja kutoka Kitale kukaa nao kuanzia Jumamosi, amsaidie na mtoto.

"Tuache, Mama Ikhlas," Nekoye akaniambia. "Kila tukiangalia ndio tunakaza kamba."

Alikuwa anasema kweli, na mimi sikutaka kusikia. Nikasema labda hizi programu hazifanyi kazi kabisa kwa aina ya simu yake. Kuna faili ndogo ya majaribio, haina madhara, imetengenezwa makusudi ili kila antivirus iipigie kelele. Niliitia kwenye simu ile. Kabla sijatoa kidole, simu ililia, skrini ikawa nyekundu, faili ikafutwa. Ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa. Mbwa alikuwa mkali na alikuwa macho, ila hakuona sababu ya kumbwekea huyu mtu.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Nikamwambia Nekoye anihesabie tena kila alichojua Ronny. Alipokwenda. Alichotafuta. Alichopiga picha. App alizoweka. Nikamuuliza, "Na haya tunayoongea hapa, ameyajua?"

"Hapana."

"Na ukiongea na dada yako kwa simu, anajua mlichosema?"

Akafikiri. "Hapana. Anajua tu nilikuwa wapi."

Nikaichukua simu nikaingia kwenye mipangilio, mahali pa akaunti. Pale juu kulikuwa na anwani ya barua pepe yenye jina lake na la mumewe yameunganishwa. Chini yake, namba ya kurudishia akaunti endapo umesahau. Ilionyesha tarakimu mbili za mwisho tu.

"Hizi ni zako?"

"Hizo ni za Ronny."

"Password ya hii akaunti ni gani?"

"Sijui. Sijawahi kuulizwa. Ilikuja hivyo." Akanitazama kama anayeona ajabu kwamba nauliza. "Si alininunulia hapa kwako? Kabla sijaanza kazi. Ile siku alinipatia, ilikuwa imeshafunguliwa kila kitu."

Lazima niwaeleze jambo hapa, hasa ninyi mnaonunua simu kwenye maduka kama langu, ingawa mnalijua. Mtu akija kununua simu, hataki habari ya kufungua akaunti. Anasema, "Niwekee tu, niende." Basi sisi tunafungua. Jina lake, password ya duka ambayo ni jina na tarakimu nne rahisi, na namba ya simu ya yule aliyesimama mbele ya kaunta. Kwa kuwa watu husahau na kurudi wakilia, tunaandika kwenye daftari. Nimefanya hivyo miaka tisa. Akina mama wengi wa mji huu, simu zao zilinunuliwa na mtu mwingine, na akaunti zikafunguliwa kwa namba ya huyo mtu mwingine. Sikuwahi hata siku moja kuona kuna neno.

Nilitoa madaftari ya zamani kwenye boksi chini ya meza. Nilitafuta karibu saa nzima, na Nekoye akiwahudumia wateja kana kwamba hakuna kitu. Nikaipata. Mwandiko wangu, wino wangu wa bluu. Anwani ile ile, password, namba ya Ronny, na mbele yake nimeandika: *password amepewa mume*.

Na hapo nikamkumbuka, wallahi, kama amesimama mbele yangu. Shati safi. "Mama, huyu wangu hajui mambo ya simu, niandikie mimi hiyo password nisije nikasumbuliwa." Nikamwandikia kwenye karatasi ndogo. Sikuinua hata macho. Nilikuwa nabishana na mtu mwingine kuhusu antivirus.

Kwa hiyo kitu chote kilichokuwa kinakwenda kwa Ronny kilikuwa kinakwenda kihalali. Alikuwa ameifungua akaunti ile ile kwenye simu yake mwenyewe, na simu ya mkewe ilikuwa inampelekea mwenye akaunti mambo ya akaunti yake: ramani, alichotafuta, picha, app. Hakukuwa na kirusi wala programu iliyojificha. Maabara zote za dunia zingeipima simu ile na kuipa alama kamili, na zingekuwa zimesema kweli.

Nilimwita Nekoye nikamwonyesha daftari. Nikasema tu, "Ni mimi." Aibu niliyosikia siwezi kuilinganisha na kitu. Nilitaka anitukane. Alisoma ule mstari polepole, kisha akauliza, "Kwa hivyo hakuna kitu ya kutoa?"

"Hakuna."

"Badilisha password."

"Nikibadilisha, simu yake italia saa hiyo hiyo. Na kwa sababu namba ya kurudishia ni yake, ataifungua tena kabla hujafika Juja. Atakuwa amemfikia Maxine kabla yako."

Akatikisa kichwa mara kadhaa. Wateja wawili walikuwa wakigonga kaunta wakitaka kupigiwa fotokopi. Alikwenda akawapigia, akakata karatasi zikawa sawa, akarudi.

"Basi simu itabaki hapa," akasema. "Kesho. Mimi nitaenda."

Tulipanga kwa kunong'ona, simu ikiwa ndani ya droo ingawa sasa tulijua haisikii. Kesho ilikuwa Ijumaa, na mama mkwe alikuwa anaingia Jumamosi. Nekoye angekuja kazini kama kawaida, asubuhi, ili ramani ya Ronny imwonyeshe yuko Thika. Saa tano angetoka bila simu, ashuke Ruiru, aende Mwiki amchukue Maxine kwa yule mama anayelea watoto, kisha waondoke moja kwa moja bila kupita nyumbani. Ronny humpigia kila siku saa saba kamili. Mimi ningeshika, niseme yuko na mteja.

"Unaenda Kitale kwa dada yako?"

"Usiniulize. Akikuuliza, uwe hujui."

Nilimpa simu ndogo ya vitufe, kabambe ya zamani, aende nayo. Akairudisha juu ya kaunta kana kwamba ilikuwa ya moto. "Sitaki simu ya mtu, Mama Ikhlas. Tafadhali." Nilitaka kumlazimisha, lakini ningetumia mdomo gani? Nikairudisha kabatini.

"Nitakujulisha tukishatoka," akasema.

Ijumaa saa tano alitoka na mkoba wake wa kila siku. Hakuniaga. Alisema kwa sauti, wateja wasikie, kwamba anakwenda kununua karatasi. Simu yake ilikuwa juu ya meza yangu, upande wa ndani wa wavu wa chuma, uso juu. Nikaiwekea chaji. Nilikuwa nikiitazama kila dakika, na niliogopa hata kuisogeza, kana kwamba Ronny angeona mkono wangu kwenye ramani.

Saa saba kamili ikaita.

"Halo, Baba Maxine. Yuko na mteja hapa, kuna fomu ndefu."

"Aah, sawa Mama Ikhlas. Pole na kazi. Ikhlas anaendelea aje?"

"Mzima, alhamdulillahi."

"Sawa basi. Mwambie nimepiga."

Nilidhani tumepita. Nilikunywa maji glasi mbili. Kabla ya saa nane nilisikia pikipiki ikizima chini, kisha viatu kwenye ngazi, polepole, moja moja. Ronny akaingia, akasalimia wateja wote, akaniuliza habari ya kutwa. Akaiona simu nyuma ya wavu.

"Yuko wapi?"

"Ametoka kununua karatasi. Ameiacha inachaji."

"Nitamngoja." Akakaa kwenye benchi la wateja, akaweka mikono juu ya magoti.

Sijui kama mmewahi kukaa na mtu anayengoja. Alikuwa hafanyi kitu. Hakunitisha, hakuinua sauti. Wateja walikuja wakaondoka, naye alikuwa akiwapisha kwa adabu. Kila nilipoinua macho nilikuta ananitazama na kutabasamu, nami natabasamu. Sikuweza kwenda msalani. Sikuweza kumpigia mtu. Hata kama ningeweza, ningempigia nani? Nekoye hakuwa na simu, na mimi ndiye niliyekubali asiwe nayo. Nikafikiri: hii ni dakika ya arobaini, yule mtoto wa watu ameishi hivi miaka miwili, tena akiwa amelala kitanda kimoja na hili jambo.

"Mama Ikhlas," akasema wateja walipopungua, "wewe ulinisaidia sana na hiyo simu, unakumbuka? Mimi sisahau mtu akinisaidia."

"Nakumbuka."

"Huwezi kuwa hujui ameenda wapi."

"Karatasi, Baba Maxine. Labda amekosa, anazunguka."

"Saa nzima?"

Ndipo ile simu ikaita. Namba ngeni, haina jina.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Nekoye aliahidi kunijulisha. Ameazima simu ya mtu. Lakini namba yangu hakuwa nayo kichwani. Miaka miwili aliibonyeza kwa jina tu, kama sisi sote. Na mimi, mwenye kalamu na karatasi na printa tatu, sikukumbuka kumwandikia. Namba alizozijua kwa kichwa zilikuwa ya mumewe na yake mwenyewe. Amepiga yake, akijua iko mezani kwangu.

Ronny alikuwa ameshasimama. Niliinyakua simu kabla mkono wake haujafika kwenye tundu la wavu.

"Mama Ikhlas, ni mimi," Nekoye akasema. Nyuma yake kulikuwa na kelele za gari. "Tumetoka. Maxine niko naye."

Ronny alinitazama mdomo. "Ni nani?"

"Dada, umekosa namba," nikasema. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine. "Umekosa kabisa. Usipige hii namba tena. Umenisikia? Usipige tena, hata siku moja."

Upande ule kelele za gari ziliendelea. Kisha nikasikia mtoto akiuliza, "Mum, ni daddy?" Simu ikakatwa.

"Nipatie simu ya bibi yangu," Ronny akasema.

Mimi ni fundi. Mikono yangu inajua mambo kabla yangu. Niliifuta ile namba ngeni kutoka kwenye orodha, nikachukua pini nikatoa laini, nikachukua mkasi wa kukatia picha za pasipoti, nikaikata laini vipande viwili. Yote hayo nilifanya akiwa amekamata wavu kwa mikono miwili, ananitazama. Kisha nikampitishia simu kwenye tundu.

Nilingoja anivunjie duka. Niliomba anivunjie duka. Yeye aliifuta simu kwenye suruali, akaitia mfuko wa shati.

"Laini iko kwa jina langu, Mama Ikhlas," akasema. "Kesho asubuhi naenda kuirudisha. Itakuwa ni hiyo namba tu." Akanisogelea kidogo, sauti ile ile ya chini. "Hana nyingine anajua. Atapiga."

Akashuka ngazi. Nilisikia pikipiki ikiwaka. Nilikaa sakafuni nyuma ya kaunta nikalia mpaka mteja mmoja akaja kuniuliza kama tumefunga.

Sasa ni miezi saba. Siku hizi mtu akija kununulia mwenzake simu, nakataa kuifungua mpaka mwenye simu aje mwenyewe, aandike password kwa kidole chake, na aliyelipa asimame ngazini. Nimepoteza wateja, wengine wamenitukana. Lile jedwali nililiondoa ukutani. Mwalimu Waweru akaniuliza mbona, nikamwambia limekwisha kazi.

Ronny alikuja mara moja, mwezi wa sita. Alinunua waya wa chaji akaniuliza habari za Ikhlas. Simu ya Nekoye ilikuwa mfukoni mwa shati lake, imewashwa, chaji imejaa.

Sijui walifika wapi. Naota kwamba Nekoye alinielewa siku ile, kwamba alijua sauti yangu ya uongo na ya kweli. Siku nyingine naamka nikiwaza alisikia tu mtu akimfukuza, mtu yule yule aliyeandika daftari lile. Jina la duka langu liko mtandaoni, angeweza kulitafuta kama angetaka. Hajalitafuta. Dada yake simjui hata jina. Namba yake Nekoye nimeishika kichwani sasa, tarakimu zote kumi, nazisema nikipanga karatasi, nikifua, nikiswali. Nikiipiga, atakayeshika ni Ronny.